Sarafu ya Mkonge

Baba yake Muthoka alikuwa mhunzi upande wa Kangundo. Alitengeneza vyembe vya mishale, na mikufu ya shaba myembamba kama uzi wa buibui ambayo wasichana walivaa wakienda ngomani. Alipokufa hakuacha ng'ombe, na shamba lake lilikuwa mawe matupu. Muthoka alirithi patasi na tupa za mzee, na mkono usiotetemeka, basi. Kwa mali hiyo akaja Thika baada ya vita vya Hitler, akaandikwa kazi na Jaswant, kalasinga mmoja mwenye ndevu za mvi aliyekuwa na karakana nyuma ya stesheni ya reli.

Jaswant alirekebisha mashine za mashamba ya mkonge na kahawa. Kazi ilikuwa ya kubeba na kugonga, lakini haikuchukua muda kabla hajaona kwamba yule Mkamba mfupi, mpole wa maneno, alikuwa na vidole vya aina nyingine. Mlango wa kanisa ukitaka maandishi, bunduki ya mzungu ikitaka jina kwenye kitako, aliitwa Muthoka. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kichwa kimeinama, na wenzake walijua kutomsemesha mpaka ainue macho mwenyewe.

Hakuwa na mke. Alikuwa na dada, Nduku, mdogo wake wa ziwa moja. Nduku aliolewa na Munyao, mfanyakazi wa shamba kubwa la mkonge lililokuwa njia ya kwenda Ngoliba, na Munyao huyo alikufa kifo kibaya. Mashine ya kuparua mkonge ilimnasa mkono, na kabla ya kufikishwa hospitali damu ilikuwa imekwisha mwilini. Akazikwa palepale shambani, ng'ambo ya nyaya za kuanikia nyuzi. Mjane hakuwa na pa kwenda. Mwenye shamba akampa kazi ya kubeba nyuzi mbichi kutoka kwenye mashine ileile mpaka kwenye nyaya, na watu wakasema ana bahati.

Nduku na Munyao walikuwa wamezaa watoto watatu, na wawili wa kwanza hawakufika kutembea. Huyu wa tatu, msichana, wakamwita Kamene, yaani asiyependwa, asiyetakiwa. Ndivyo Wakamba wafanyavyo kifo kikiizoea nyumba: humpa mtoto jina la kudharauliwa, ili kifo kikipita kimwone si kitu, kiende zake. Lakini hakuna mtoto aliyependwa kama Kamene. Kila Jumapili Muthoka alipopata lifti ya lori alimpelekea mkate wa dukani, naye mtoto angemkimbilia njiani akipiga kelele, "Mjomba! Mjomba!" kisha angetia mkono mfukoni mwake bila kungoja kuambiwa.

Basi, mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tatu, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa miezi michache nyuma kwa sababu ya Mau Mau. Thika ilijaa askari. Wakikuyu walikuwa wakibebwa kwa malori asubuhi na jioni, na hata asiye Mkikuyu alijifunza kutembea huku mikono ikionekana. Ni katika siku hizo gari la mwenye shamba la mkonge lilisimama mbele ya karakana ya Jaswant. Wafanyakazi walimwita Bwana Miwani kwa sababu ya vioo vizito alivyovaa, na jina lake halisi wachache walilijua.

"Muthoka, kuja hapa," Jaswant aliita. "Bwana nataka maneno na wewe."

Mzungu alikuwa na furaha siku hiyo. Alisema malkia mpya atatawazwa London mwezi wa sita, na serikali italeta pesa mpya zenye sura yake. Yeye naye alitaka shamba lake liwe na sarafu yake, ya kukumbuka siku hiyo. Kila mfanyakazi atapewa moja kama zawadi, na duka la shamba litaipokea kama pesa.

"Upande moja nataka taji ya Malkia," alisema kwa Kiswahili chake. "Upande ingine nataka kitu ya shamba yangu. Wewe fikiri. Mimi nasikia wewe iko na akili ya mikono."

Kisha akaongeza jambo moja. Sarafu lazima iwe na tundu katikati, tena kubwa kuliko lile la senti kumi, na ukingo wake ukatwe meno. Ofisa mmoja alikuwa amemwonya kwamba isifanane hata kidogo na pesa ya serikali. Mtu yeyote Thika akiishika gizani ajue kwamba si sumuni.

Tundu lile ndilo lililomkosesha Muthoka raha. Alichora kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, akafuta, akachora tena. Mmea wa mkonge ukitobolewa katikati unabaki kama ufagio uliooza. Mashine haikuwa na uzuri wowote, na isitoshe, mashine ile hakutaka kuichora. Siku moja alimkumbuka Nduku alivyomwona Jumapili iliyopita, akitoka mashineni na mzigo wa nyuzi mgongoni, kamba ya ngozi imepita juu ya paji la uso, shingo imekaza, mikono miwili imeshika kamba kando ya masikio. Kati ya kamba, bega na mzigo kulikuwa na nafasi ya wazi, ya mviringo, ambayo mwanga ulipita ndani yake.

Hapo akapata sarafu yake. Mwanamke aliyeinama na mzigo, na lile tundu likawa ile nafasi ya mwanga. Huku nyuma, majani ya mkonge yenye miiba.

Alichonga muhuri wa chuma kwa siku nyingi. Muhuri huo ndio unaopigwa juu ya kipande cha shaba mpaka picha igande, kwa hiyo kila kitu lazima kichongwe kinyume, na kitakachoinuka kwenye sarafu kichimbwe ndani. Jaswant alikuja kutazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu mama natembea," alisema polepole. "Muthoka, hii mama natembea kweli."

Shaba waliipata kwa magunia kutoka kwa wauza vyuma vikuukuu. Katika magunia hayo mlikuwa na bomba, koki za maji, na maganda ya risasi mengi mno, yaliyookotwa sijui wapi. Siku zile hakuna aliyeuliza. Waliyeyusha yote pamoja, wakaikata shaba kuwa vipande vya mviringo, wakaviweka kimoja kimoja chini ya mashine yenye gurudumu zito juu, na Muthoka mwenyewe ndiye aliyelizungusha. Sarafu ya kwanza ilipotoka bado ina joto, aliiweka kiganjani akaitazama kwa muda mrefu. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Aliwaza kwamba baba yake angekuwa hai, angeinama kuisogelea kama alivyoinamia mkufu uliokaribia kwisha.

Siku ya kutawazwa, shamba lilichinja fahali. Bendera ilipandishwa, chai ikamiminwa kutoka kwenye mapipa, na watoto wakaimbishwa wimbo wasioujua maana yake. Muthoka alialikwa, akavaa koti. Bwana Miwani alisimama juu ya sanduku akagawa sarafu kwa mkono wake, na wafanyakazi wakapita kwa mstari.

Nduku aliigeuza yake mara kadhaa. Kisha akamtafuta kaka yake kwa macho katikati ya watu.

"Mwana wa mama," alisema, "huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Umenichonga na matako makubwa hivi!"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko, wakanyang'anyana sarafu kuangalia. Mmoja akasema Malkia wa London ana taji, malkia wa mkonge ana kamba, wote wamebanwa kichwa. Kamene alitaka yake, akalia mpaka mama akaifunga uzi na kumvika shingoni. Jioni Muthoka alirudi Thika kifua mbele. Kwa wiki nyingi baadaye aliposikia mtu akitaja sarafu ya mkonge alisogea karibu, apate kusikia itasemwa nini.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Mwaka ule bei ya mkonge ilianguka huko ng'ambo. Mashamba mengine yaliachisha watu kazi. Bwana Miwani hakuachisha. Aliita wafanyakazi akawaambia kwamba yeye ni baba yao na hatawafukuza, ila kwa miezi michache sehemu ya mshahara wao italipwa kwa sarafu ya shamba. Duka lipo, unga upo, sukari ipo, wanahitaji nini zaidi? Kisha akaja karakana kuagiza sarafu nyingine, magunia badala ya mfuko.

Muthoka alizungusha gurudumu. Jaswant alikuwa amepata kazi ya uhakika wakati karakana nyingine zikifungwa, na Muthoka mwenyewe aliongezwa mshahara. Jumapili moja Nduku alimweleza mbele ya chumba chake, huku akipepeta maharagwe.

"Unga wa duka lile una fukusi. Na chumvi wanapima kama dawa. Soko la Thika hatuendi tena, tutaendea nini? Muuza nyanya akiona sarafu hii ananicheka."

"Ni kwa muda tu. Bwana amesema bei ikipanda..."

"Bei ya nani?" Nduku aliinua uso. "Anayetaka kuhama shamba hili atahama na nini? Njiani ukiitoa wanadhani umeokota kitasa cha sanduku. Tumefungwa, mwana wa mama. Tumefungiwa kama mbuzi, halafu kamba yenyewe ina sura yangu."

Muthoka alimkamata Kamene aliyekuwa akipita, akamrusha juu, akamdaka. Moyoni aliona dada yake anatia chumvi. Kazi nzuri kama ile, aliwaza, haiwezi kuwa na ubaya. Ubaya uko kwa anayeitumia. Alijishikilia kwenye wazo hilo kama mtu aliyeshika tawi juu ya mto.

Miezi michache ikawa mingi. Ikafika Aprili ya hamsini na nne, mvua za masika zikaanza, na katika mwezi huohuo jeshi likaizingira Nairobi na kukusanya watu mitaa kwa mitaa. Barabara zote za kuingia na kutoka Thika ziliwekwa vizuizi. Yaliyomkuta Nduku katika siku hizo Muthoka aliyasikia baadaye, kutoka kinywani mwake, kwa vipande vipande, na vipande vingine hakumwambia kabisa.

Kamene alianza kukohoa. Mtu wa dawa wa shambani, ambaye dawa zake zilikuwa mbili tu, ya tumbo na ya vidonda, alimpa zote mbili. Kesho yake mtoto alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, mbavu zinaingia ndani, na macho hayatulii mahali. Mtu wa dawa akasema hilo si lake tena, apelekwe hospitali Thika.

Nduku alikimbilia dukani. Karani wa duka, Mwanzia, alikuwa mtu wa kijiji chao, na mama zao walichota maji mto mmoja. Nduku alimwaga sarafu zake zote juu ya kaunta.

"Nipe pesa ya serikali. Ya nauli tu. Chukua zote hizi."

"Siruhusiwi, Nduku. Unajua siruhusiwi. Hapa vinatoka vitu, pesa haitoki."

"Mwanzia, mtoto anakufa."

Karani aliangalia mlango wa ofisi, ambako Bwana Miwani hakuwapo, alikuwa Nairobi. Alisema arudi jioni, labda Bwana atakuwa amefika. Pengine aliogopa kweli. Watu walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hayo, na aliyefukuzwa siku zile alikamatwa kabla ya jua kutua kwa kosa la kuzurura.

Nduku hakungoja jioni. Alimfunga Kamene mgongoni, akazitunga sarafu zake kwenye uzi na kuzichukua kwa sababu hakuwa na kingine, akatoka barabarani. Basi lilipopita alilisimamisha. Kondakta alizipokea sarafu, akazigeuza, akazirudisha.

"Mama, hivi si pesa. Hivi ni vya kumvisha mbwa."

"Kaka yangu yuko Thika. Atakulipa tukifika."

"Kila mtu ana kaka Thika."

Basi likaenda. Nduku akatembea kwenye tope jekundu linalovuta miguu, mvua ikija na kukatika, akazungumza na mtoto ili asilale. Alimwimbia. Alimwambia mjomba ana mkate. Mpaka kwenye daraja, mtoto alikuwa bado anaitika kwa kuguna.

Darajani palikuwa na kizuizi. Magogo yalikuwa yamelazwa njiani, na pembeni walikuwa askari weusi wachache na kijana wa kizungu aliyekuwa na vipele vya mbu usoni. Walimwuliza kibali cha kutoka shambani, hakuwa nacho. Walimpekua, wakaupata uzi wa sarafu. Sasa, wakati ule kila kitu kigeni kilikuwa kiapo cha Mau Mau. Ukikutwa na jani, na manyoya, na kamba yenye mafundo, umekula kiapo. Na hapa palikuwa na mwanamke asiye na kibali, mwenye uzi uliojaa shaba zilizotobolewa, zenye picha ya mtu aliyeinama na miiba nyuma yake.

"Hii ni nini?" askari aliuliza.

"Ni pesa ya shamba letu."

"Pesa gani ina meno? Hii ni alama ya nani?"

"Ni mimi," Nduku alisema. Maana alikuwa amechoka, na hakujua jibu jingine. "Huyu hapa ni mimi. Ndugu yangu ndiye aliyemchonga."

Walicheka. Yule kijana wa kizungu hakucheka. Aliamuru akae chini kando ya magogo mpaka shamba lipigiwe simu. Simu iliita, hakuna aliyeinua. Ikaita tena. Nduku alikaa matopeni, mtoto mgongoni, kwa sababu walimkataza kumfungua, wakiogopa asije akatoa kitu alichoficha ndani ya kanga. Mvua ikanyesha ikaisha. Alisema mgongo wake ulikuwa wa moto, halafu ukawa wa vuguvugu, naye akafikiri homa imeshuka, akashukuru Mungu.

Mchana ulipokuwa umegeuka mtu wa shambani akajibu simu. Walimwachia, na sarafu zake wakamrudishia.

Muthoka alikuwa kwenye kigoda chake karibu na dirisha alipoona kivuli mlangoni. Aliinua macho. Nduku alikuwa amesimama pale, matope mpaka magotini, kama mti ulioletwa na mafuriko. Mashine zilikuwa zikinguruma. Hakusikia alichosema ila aliuona mdomo wake ukisogea, akainuka, akaenda.

"Nifungulie mtoto," Nduku alikuwa akisema. "Mikono yangu imekufa ganzi. Nifungulie."

Alizunguka nyuma yake. Fundo la kanga lilikuwa limekaza kwa maji, ikabidi alifungue kwa meno. Mtoto alimwangukia mikononi. Muthoka alijua mara ile, kabla hata hajamtazama uso, kwa uzito. Mtoto hai hajilegezi hivyo. Kichwa kililala kwenye mkono wake. Shingoni ilikuwapo ile sarafu ya kwanza, ya siku ya fahali, na meno yake yalikuwa yamechora kialama kidogo kwenye ngozi.

"Amelala?" Nduku aliuliza bila kugeuka. "Tumkimbize hospitali. Amelala, eh?"

Jaswant alizima mashine. Karakana ikawa kimya. Yule mzee alikuja, akasimama, akaweka mkono mkubwa wenye grisi juu ya kichwa cha mtoto, kisha akamtazama Muthoka. Nduku akageuka mwenyewe.

Sauti aliyotoa sitaieleza.

Kamene alizikwa shambani kando ya baba yake, kwa kuwa Nduku hakutaka awe peke yake. Jaswant aliwapeleka kwa gari lake, akashika sepetu kama wengine mpaka kilemba chake kikajaa udongo wa kaburi. Bwana Miwani alikuja, kofia mkononi. Alisema ni jambo la huzuni sana, na kwamba angekuwapo ofisini angetoa gari. Huenda alisema kweli. Alimpa Nduku noti, ya serikali hiyo. Nduku aliitazama ikiwa imeshikwa mbele yake. Hakuipokea wala hakuikataa. Alibaki anaitazama tu, mpaka mzungu akaona haya akairudisha mfukoni.

Wiki hiyohiyo agizo jipya lililetwa karakana. Muthoka aliuchukua muhuri wake, akauweka katikati ya makaa, akavuta upepo mpaka chuma kikawa chekundu, kisha cheupe. Akautoa kwa koleo, akaulaza kwenye fuawe, akaupiga nyundo. Alianza na kamba. Halafu uso. Wenzake waliacha kazi wakamtazama, na hakuna aliyemzuia. Alipiga mpaka mwanamke hayupo, mpaka mkonge haupo, mpaka ikabaki bonge la chuma lisilo na sura.

Jaswant alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hiyo mali ya Bwana, Muthoka," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwite askari."

"Mimi hapana ita askari." Mzee alishusha pumzi. "Mimi nasema napasuka. Chuma napasuka, Bwana, bahati mbaya. Lakini wewe ondoka. Leo. Yeye kijua, yeye nasema wewe Mau Mau, na mimi nakwenda jela na wewe. Mimi iko na watoto, Muthoka."

Alimpa mshahara wake na koti lake mwenyewe la mvua. Walishikana mikono, na hawakuonana tena.

Sarafu haikufa kwa sababu hiyo. Bwana Miwani alipata fundi mwingine Nairobi, aliyechonga majani tu ya mkonge, bila mtu, na watu wa shamba waliendelea kupewa kwa miaka mingine miwili. Iliisha kimyakimya pale shamba lilipouzwa kwa kampuni nyingine, na siku hiyo duka halikuzipokea tena. Waliokuwa wameziweka chini ya vitanda walibaki nazo. Watoto walizichezea.

Muthoka alimchukua Nduku wakahamia Ruiru. Kule machimbo ya mawe yalitaka watu, kwa maana nyumba zilikuwa zikijengwa Nairobi usiku na mchana, na mawe hayamwulizi mtu alikotoka. Alipasua mawe ya kujengea, yale ya mraba, kila moja sawa na lililotangulia. Mpadri mmoja, aliyesikia kwamba kuna Mkamba anayejua kuchonga, alikuja kumwomba aandike jina la marehemu kwenye jiwe la kaburi. Muthoka akamwambia amekosea mtu. Nduku, aliyekuwa akiuza uji kwa wachimba mawe hatua chache kutoka hapo, alisikia, akaendelea kumimina uji.

Hawakulizungumzia jambo lile. Si kwamba walichukiana. Nduku alimpikia, alimfulia, na vumbi la mawe lilipoanza kumkaa kifuani alimchemshia majani ya mkaratusi. Lakini palikuwa na mahali kati yao ambapo wote wawili walipazunguka, kama watu wanaoishi nyumba moja na kisima kisichofunikwa. Mara moja tu, jioni moja ya mvua, Nduku alisema bila kumwangalia:

"Nilipokuwa nimekaa pale darajani nilikulaani."

"Najua."

"Baadaye niliiondoa."

Muthoka alingoja. Nduku aliendelea kukoroga chungu.

Kila masika Nduku alikwenda kupalilia makaburi. Mwaka wa hamsini na tisa, vizuizi vikiwa vimeondolewa na watu wakipita watakavyo, Muthoka alisema atafuatana naye. Walishuka basi kwenye njia panda wakaingia shambani kwa miguu. Tangu masika yaliyopita nyaya za kuanikia zilikuwa zimehamishwa. Jengo la mashine lilikuwa jipya, la bati linalong'aa. Na pale ng'ambo, palipokuwa na makaburi ya wafanyakazi, trekta ilikuwa imepita. Kampuni ilikuwa imepanda mkonge mchanga, mistari na mistari, imenyooka mpaka mtoni, kila mmea umefika magotini.

Walitembea mstari mmoja, wakarudi na mwingine. Muthoka alitafuta mti aliokuwa akiukumbuka, mti haukuwapo. Alitafuta jiwe. Miiba ilimchoma miguuni, akawa anakohoa, ikabidi asimame.

Msimamizi mmoja aliwaona kwa mbali akawapigia kelele watoke, wanakanyaga miche.

Nduku alitembea kidogo mbele, akasimama katikati ya mistari miwili, akaangalia ardhi nyekundu mahali ambapo palikuwa sawa na kila mahali pengine.

"Hapa," alisema.

"Una hakika?"

"Hapana." Akapiga magoti, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. "Lakini itakuwa hapa."

Muthoka alipiga magoti kando yake.